Kabla Sindano Haijaingia: Kugawa Dawa Wodini Bila Kumdhuru Mgonjwa

Walikuwa wanawake wawili, jina moja, na baba zao jina moja. Usiku ule walilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja kwa sababu wodi ilikuwa imefurika. Mmoja alikuwa na nimonia, mwenzake kisukari. Nikasimama kando ya kitanda, bomba la insulini kwenye trei, nikaita jina. Wakaitika kwa pamoja: "Abee!" Tukacheka wote watatu. Jasho lilinitoka baadaye, nikiwa narudi mezani: je, kama mwenye kisukari angekuwa amepitiwa na usingizi, akaitika mwenzake peke yake?

Chuoni tulikaririshwa zile sahihi tano kama wimbo: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Hakuna mwanafunzi wa uuguzi asiyezijua. Shughuli ni saa 11 alfajiri, uko peke yako, dripu ya huyu imeisha, ndugu wa yule anakuita, na maabara wanataka sampuli. Makosa mengi niliyoyaona wodini, yangu yakiwemo, hayakutoka kwa mtu asiyejua dawa. Yalitokea pale mkono ulipolitangulia jicho. Kwa hiyo hapa chini nitapita nawe zamu nzima, nikionyesha mahali pa kusimama. Vipimo nitakavyotaja ni vile vya kawaida vya miongozo ya matibabu. Wodi yako ikiwa na mwongozo wake ukutani, fuata huo.

1. Pokea ripoti kitandani

Ripoti ya mezani, watu wamekunja mikono, huacha mambo. Zungukeni pamoja, anayetoka na anayeingia. Kila kitanda uliza: dozi gani imerukwa na kwa nini, nani hatakiwi kula wala kunywa, nani dawa zake hazijanunuliwa, kanula (kile kimrija cha mshipani) ya nani imevimba. Angalia chupa ya dripu kwa macho yako, usiambiwe tu "inaendelea vizuri". Ukiona bomba lililokwisha kuvutwa dawa limeachwa kwenye trei bila lebo, litupe, hata aliyelivuta akikuapia ni salaini, maji ya chumvi ya kusafishia kanula.

2. Isome chati upya

Mgonjwa aliye hapa siku ya tano chati yake umeizoea, na mazoea ndiyo yanayoponza. Isome kama umeiona leo.

Tafuta nukta. Dozi iliyoandikwa "5.0" nukta ikififia inasomeka 50, na ".5" isiyo na sifuri mbele inasomeka 5. Nusu huandikwa 0.5, na tano huandikwa 5 basi. Kwenye insulini kuna mtego mwingine: herufi U iliyobanwa na namba. "10U" kwa mwandiko wa haraka ni 100, na mgonjwa haamki. Andika neno zima, yuniti.

Tafuta saa. Hili ni letu sisi waswahili na vitabu vya Ulaya haviligusi. Chati inasema 08:00, nawe kichwani una saa nane. Saa mbili asubuhi ya chati ikigeuka saa nane mchana, mgonjwa amekaa saa sita bila dawa. Nimemwona mwanafunzi mwerevu kabisa akifanya hivyo wiki yake ya kwanza. Mimi huandika pembeni kwa penseli: 08:00, saa 2 asubuhi, 14:00, saa 8 mchana, 22:00, saa 4 usiku.

Kwa mtoto, tafuta uzito. Chati ya mtoto isiyo na kilo haijakamilika. Usimkadirie kwa kumtazama. Mpeleke kwenye mizani.

Mwandiko usiposomeka, usiulize wauguzi wenzako wakusaidie kubahatisha. Mrudie aliyeandika. Kuna wanaoogopa kuonekana wanampinga daktari, hasa akiwa mtu mzima. Kuna namna ya kusema: "Daktari, samahani, naomba unisomee hapa, nimeona ni miligramu 500 na mtoto ana kilo 8." Umemwambia unachokiona, namba zenyewe zinazungumza. Na akikuagiza kwa simu, iandike papo hapo kisha umsomee ulichoandika, jina la mgonjwa, dawa na kipimo, mpaka aseme ndivyo. "Sawa daktari" haithibitishi kitu.

3. Mwache mgonjwa ajitaje

Usiulize "Wewe ndiye Mwajuma?" Mgonjwa mwenye homa ataitikia jina lolote. Bibi atakujibu "ndiyo mwanangu" kwa adabu tu, kwa kuwa umevaa sare na yeye hataki kukusumbua. Na "naam" ya mzee si jibu la swali lako. Ameitika kwa kuwa ameitwa.

Msalimie kwanza, shikamoo ni shikamoo hata saa 10 usiku, halafu: "Bibi, naomba unitajie majina yako yote." Linganisha na chati. Kisha kitu cha pili: namba ya faili, au umri, au kijiji anakotoka. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu. Wagonjwa huhama wakifuata feni, au dirisha, au ndugu aliye kitanda cha pili. Wodi ya watoto ndiyo ngumu zaidi, maana mama anaitwa kwa jina la mwanawe na mtoto ana jina la nyumbani na la kliniki. Uliza jina lililo kwenye kadi. Asiyeweza kusema, mtambue kwa utepe wa mkononi kama upo, au kwa ndugu aliyemleta, wala si kwa jirani wa kitanda.

Hapohapo uliza habari ya mzio, lakini si kwa neno hilo. Wengi hawalijui. Sema: "Kuna dawa iliwahi kukudhuru? Kuwashwa, kuvimba mdomo, kubanwa kifua?" Watu wa kwetu wengi watakwambia hawapatani na salfa. Hiyo ni habari nzito, na inagusa zaidi ya dawa moja: septrini ina salfa, na SP wanayopewa wajawazito kukinga malaria nayo ina salfa. Iandike kwa wino mwekundu juu ya faili.

Uliza pia amekunywa nini kingine. Ukiuliza kwa sauti ya kukaripia, atakuficha chupa ya mitishamba iliyo chini ya mto. Ukiuliza kwa upole, atakuonyesha mwenyewe, na huenda ukagundua kwamba hata vidonge vyake vya presha alivyotoka navyo nyumbani anaendelea kuvimeza juu ya hivi vyetu.

4. Piga hesabu kwenye karatasi

Si kichwani. Njia ni moja siku zote: kipimo kilichoagizwa, gawa kwa nguvu ya dawa iliyo mkononi, zidisha kwa ujazo wake.

Tuchukue artesuneti ya malaria kali, kwa kuwa hakuna wodi ya watoto isiyoijua. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 20 na kuendelea, pamoja na mtu mzima, miligramu 2.4. Mtoto ana kilo 10, basi anahitaji miligramu 30. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nayo, unatikisa mpaka kioevu kiwe angavu, ndipo unaongeza mililita 5 za salaini au glukosi ya 5% kama unaipitisha kwenye mshipa. Sasa una mililita 6 zenye miligramu 60, yaani 10 kwa kila mililita. Mtoto anapata mililita 3, polepole.

Mtego uko hapa: ukiichoma kwenye msuli, unaongeza mililita 2 badala ya 5, na kila mililita sasa ina miligramu 20. Muuguzi aliyeizoea ya mshipani akiipiga ya msuli kwa hesabu ileile, ametoa dozi maradufu. Usitumie maji ya sindano kuichanganyia, na itumike ndani ya saa moja. Iliyobaki ni ya kumwaga, hata roho ikiuma kwa bei yake. Dozi ni mwanzo, saa 12 baadaye, saa 24, kisha mara moja kwa siku. Baada ya angalau saa 24 za sindano, akiweza kumeza, amalizie dozi kamili ya dawa mseto. Watu husahau hii ya mwisho, mtoto anaruhusiwa akiwa mchangamfu, na wiki mbili baadaye anarudi.

Ukimaliza, mwenzako apige hesabu yake bila kuona yako. Ukimwonyesha jibu na kumuuliza "si ni tatu hii?", atasema ni tatu.

5. Changanya dawa moja, mgonjwa mmoja

Meza safi, mikono safi, mwanga wa kutosha. Soma jina la dawa mara tatu: unapoitoa kabatini, unapoivuta, unapoiweka chini. Ampuli za kampuni moja hufanana kama pacha. Nazo shehena mpya zikija, rangi hubadilika, kwa hiyo usichague dawa kwa rangi ya kifuniko. Bandika lebo kabla hujaliachia bomba. Kipande cha plasta na kalamu vinatosha.

Kuna ndoa chache ambazo usizifunge. Seftriaksoni usiichanganye na dripu ya Ringa, kwa sababu Ringa ina kalsiamu na mchanganyiko hufanya chembe. Kwa mtoto mchanga imeshaua. Seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lidokeini ni ya msuli peke yake. Fenitoini huingia kwenye salaini, si kwenye glukosi. Jentamisini na penisilini zisikae bomba moja. Na benzathini penisilini, ile nzito nyeupe, ni ya msuli tu. Vuta nyuma kidogo uone kama damu inakuja, kwani ikiingia kwenye mshipa moyo unaweza kusimama.

Dawa iliyonunuliwa na ndugu nje isomwe kama haijawahi kuonekana: jina, nguvu, tarehe ya kuisha. Mara nyingi duka limetoa nguvu tofauti na iliyoandikwa.

6. Dawa tatu zisizosamehe

Hizi zinastahili watu wawili kila mara, hata wodi ikiwaka moto.

Potasiamu kloridi. Ampuli yake ni maji meupe yasiyo na rangi, inakaa rafu moja na maji ya sindano, na ukiipiga moja kwa moja kwenye mshipa moyo unasimama wala hupati nafasi ya kujuta. Kama una sauti katika wodi yako, iombe iondolewe kwenye kabati la kawaida, ifungiwe. Huwekwa ndani ya dripu tu, dripu ikiwa chini haijatundikwa, kisha chupa igeuzwe juu chini mara kadhaa. Ukiiingiza kwenye dripu inayoning'inia, inatulia karibu na mrija, na mgonjwa anapokea karibu yote kwa mkupuo. Wodini isizidi milimoli 10 kwa saa.

Insulini. Mililita 1 ina yuniti 100. Yuniti 10 ni moja ya kumi ya mililita, tone la kutazamwa. Tumia bomba la insulini. Likikosekana, subiri litafutwe. Bomba la mililita 2 lina mistari mingine kabisa. Pima sukari kwanza, kisha angalia chakula kimefika kitandani, si "kinakuja". Nimeshaona uji wa wodi ukichelewa saa mbili.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dawa hii inaokoa kweli na wengi wanaiogopa hata wanachelewa. Ampuli nyingi ni za 50%: mililita 10 zina gramu 5. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani katika nguvu ya 20%, yaani mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji ya sindano, jumla 20, polepole kwa dakika 5 hadi 20. Hufuatiwa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lidokeini ya 2% kila bomba. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, tako hili na lile kwa zamu, mpaka saa 24 zipite tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuja baadaye.

Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, mambo matatu. Hesabu pumzi dakika nzima: ziwe 16 au zaidi. Gonga goti: mguu uruke. Tazama mfuko wa mkojo: angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi haitolewi. Goti hunyamaza kabla ya pumzi, ndiyo maana tunaligonga. Kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 10, ikae kwenye trei hiyohiyo. Pumzi zikisimama unampumulisha kwa mfuko na kumpa hiyo polepole. Ikiwa iko kwenye kabati na funguo ziko kwa inchaji aliyekwenda kikaoni, hesabu huna.

7. Toa

Mwambie unachompa na cha nini. Mgonjwa ndiye mlinzi wa mwisho. Akisema "mbona jana ilikuwa ya njano?", simama, rudi kwenye chati. Anaweza kuwa amekosea, na hujapoteza kitu.

Jaribu kanula kwa salaini kabla ya dawa. Ikimuuma au mkono ukivimba, itoe. Piga polepole, sindano nyingi za mshipani zinataka dakika kadhaa, na saa ya ukutani ndiyo kipimo, si haraka zako.

Dripu: mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, wa watoto matone 60. Mililita kwa saa, gawa kwa 3, ni matone kwa dakika kwenye mrija wa kawaida. Lita 1 kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa, matone 42 hivi. Kwenye mrija wa watoto huna haja ya kugawa: mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Bandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa, weka mstari wa kila saa. Atakayepita ataona imekimbia au imelala.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Inaingia kwenye boksi la usalama, nalo likifika robo tatu linafungwa. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa palepale: dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72.

8. Andika ukishatoa

Kuna tabia ya kutia saini chati zote mezani kisha kuzunguka. Dawa ya mgonjwa wa kumi na mbili anayetapika inabaki imeandikwa imetolewa. Saini kitandani. Isipotolewa, andika kwa nini: amekataa, haipo, anatapika. Morfini na pethidini za kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa kisheria, ni saini mbili, na kilichomwagwa kiandikwe.

9. Usiondoke haraka

Dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano, rudi baada ya dakika chache. Vipele, midomo kuvimba, kifua kupiga mluzi, presha kushuka: simamisha dawa, ita msaada, mlaze na miguu juu, lakini akishindwa kupumua mwache aketi. Adrenalini kwenye msuli wa paja upande wa nje, mtu mzima miligramu 0.5, ambayo ni nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000. Rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Haidrokotisoni si ya kwanza. Ni ya baadaye.

10. Ukikosea

Utakosea. Mhudumie mgonjwa kwanza, pima, mwite daktari, mwambie hasa ulichotoa na kiasi gani. Kisha iandike na umwambie mkuu wa wodi, hata kama mgonjwa hakudhurika. Siku ile ya "Abee" mbili niliandika, na wodi ikaanza kuandika alama nyekundu kwenye faili za majina yanayofanana. Nilitaniwa wiki nzima, lakini alama ilibaki. Wodi inayomwaibisha anayesema hupata watu wanaojua kunyamaza. Mgonjwa akipata madhara ya dawa yenyewe, au ukiushuku ubora wake, Tanzania kuna fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Haijazwi kwa kuwa umekosea, inajazwa kwa kuwa umeona.

11. Anaporuhusiwa

Bahasha inasema 1×3. Wengine humeza kimoja kwa siku tatu. Wengine huelewa "kutwa mara tatu" kama Kiswahili kinavyosema: kutwa ni mchana, jua likiwepo. Basi humeza asubuhi, adhuhuri na jioni, na usiku mzima dawa hakuna. Kwa dawa ya kila saa 8 mimi huandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Asiyesoma namchorea jua linachomoza, jua la utosini lililoanza kuinama, na mwezi.

Halafu namwomba anieleze yeye, kana kwamba ananifundisha. Bibi mmoja alihesabu kwa vidole: "Cha kwanza nikitoka kuswali alfajiri. Cha pili nikishakula mchana, kabla ya alasiri. Cha tatu wajukuu wakishalala." Nikaichukua bahasha yake, nikayaandika maneno yake hayohayo nyuma.